Lie na Lay: Historia ya Vitenzi Vinavyochanganywa katika Kiingereza

Kiingereza kina jozi za vitenzi ambazo zimewasumbua wanafunzi, waandishi na wahariri kwa zaidi ya miaka 250, na inayojulikana kuliko zote ni "lie" na "lay". Kitenzi cha kwanza maana yake ni kulala, au kitu kuwa kimelala mahali. Cha pili ni kulaza, au kuweka. Kanuni yenyewe ni fupi: "lay" hudai kitu kinachowekwa, "lie" hakidai kitu. Ugumu unaanza pale wakati unapobadilika, kwa sababu wakati uliopita wa "lie" ni "lay". Kitabu kilicho mezani leo "lies". Kilichokuwa pale jana "lay". Anayekiweka leo "lays". Aliyekiweka jana "laid". Na kitabu ambacho kimekuwa pale tangu asubuhi "has lain". Umbo hilo la mwisho halisikiki sana hata midomoni mwa waliozaliwa na lugha hiyo. Neno moja, "lay", linabeba kitenzi kizima upande mmoja na wakati uliopita wa kitenzi kingine upande wa pili, na hapo ndipo watu wanapojikwaa.

Shuleni mkanganyiko huu huelezwa kama uzembe, au kama dalili ya mtu asiyesoma vya kutosha. Historia ya lugha inaonyesha jambo tofauti. Jozi nyingi za aina hii ni mabaki ya kauli moja ya kitenzi iliyokuwa hai zamani katika Kiingereza na ambayo ilikufa, ikaacha watoto wake bila mzazi. Kauli hiyo msomaji wa Kiswahili anaijua vizuri na huitumia kila siku: ni kauli ya kutendesha.

Kiswahili husema lala na laza, anguka na angusha, nywa na nywesha, keti na ketisha. Mtoto wa miaka minne hawezi kukosea kati ya lala na laza, kwa kuwa utaratibu wa kuunda neno la pili kutokana na la kwanza bado unafanya kazi kichwani mwake. Lugha ya kale iliyozaa Kiingereza, Kijerumani, Kiholanzi na lugha za Skandinavia ilikuwa na utaratibu unaofanana na huo. Wasemaji wake walichukua umbo la wakati uliopita wa kitenzi, ambalo mara nyingi lilikuwa na irabu "a", wakaongeza kiambishi tamati kilichotamkwa karibu na "-yan". Kutoka kwenye mzizi "lag-" wa kulala walipata kitenzi cha kulaza. Kutoka "sat-" wa kukaa walipata cha kukalisha. Kutoka "drank-" wa kunywa walipata cha kunywesha. Baadaye ile sauti ya "y" iliivuta irabu "a" ikawa "e", kisha yenyewe ikatoweka. Ndiyo maana Kiingereza cha leo kina "sit" na "set", na ndiyo maana "drench" ina "e" huku ndugu zake "drink" na "drank" wakiwa na irabu nyingine.

Jambo kama hilo limetokea katika Kibantu, ila huko mabadiliko yaliangukia konsonanti. Irabu ya kale ya kutendesha iligusa sauti iliyoitangulia, ikaigeuza, halafu ikamezwa: lala ikatoa laza, jaa ikatoa jaza, ogopa ikatoa ogofya, lewa ikatoa levya. Tofauti kubwa ni kwamba Kiswahili kilipata pia viambishi vya wazi, -isha na -esha, ambavyo vinaweza kubandikwa kwenye kitenzi kipya chochote, hata cha kukopa. Kiingereza hakikupata mbadala wa namna hiyo. Kiambishi cha kutendesha kilipokufa, vitenzi vilivyokwisha kuzaliwa vilibaki kama maneno ya peke yake, yanayopaswa kukaririwa moja moja.

Katika Kiingereza cha Kale, kilichosemwa tangu karibu karne ya 5 hadi mwisho wa karne ya 11, familia hizi zilikuwa bado zinaonekana wazi. "Licgan" ilikuwa kulala na "lecgan" kulaza. "Sittan" kukaa na "settan" kukalisha. "Drincan" kunywa na "drencan" kunywesha. Kuanguka ilikuwa "feallan", na kuangusha kuna kizazi chake hadi leo katika kitenzi "fell", ambacho hutumika hasa kwa miti: mkata miti "fells a tree", na mti wenyewe "falls". Kila kitenzi kilikuwa na miisho yake kwa nafsi, kwa wakati na kwa idadi, kwa hiyo msikilizaji alikuwa na vielelezo vingi vya kumwonyesha kipi kimekusudiwa.

Hatima ya "drench" inastahili kutazamwa kwa karibu. Katika Kiingereza cha kawaida neno hili limehama kabisa kutoka kunywesha, na sasa maana yake ni kulowesha chapachapa. Mtu aliyenyeshewa na mvua bila mwavuli ndiye "drenched". Mfugaji, hata hivyo, ameitunza maana ya kale. Dawa ya maji ya minyoo inayopigwa kinywani mwa ng'ombe, mbuzi au kondoo kwa bomba lenye mdomo mrefu huitwa "drench", na kazi yenyewe ni "drenching". Maofisa mifugo wa Kenya na Tanzania hulitumia neno hilo kila siku, na wanapomweleza mfugaji kwa Kiswahili husema kunywesha dawa, jambo ambalo ndilo hasa neno la Kiingereza lilimaanisha miaka elfu moja iliyopita. Kiswahili nacho kina watoto waliohama nyumbani namna hiyo: onya ilitokana na ona, lakini leo anayeonya hamwonyeshi mtu kitu, anamtahadharisha, na kwa kuonyesha ikabidi liundwe neno jingine.

Kupanda na kupandisha kuna historia ndefu zaidi. Kiingereza cha Kale kilikuwa na "rīsan", kuinuka, na kitenzi chake cha kutendesha ambacho leo ni "rear". Kisha kuanzia karne ya 9 watu wa Skandinavia walihamia kaskazini na mashariki mwa Uingereza kwa wingi, na lugha yao ilikuwa na kitenzi kile kile cha kutendesha katika sura nyingine, "reisa". Hicho ndicho kilichoingia katika Kiingereza kama "raise". Kwa hiyo "rear" na "raise" ni mapacha waliolelewa katika nyumba mbili na kukutana ukubwani, na haishangazi kwamba vyote viwili hutumika kwa kulea watoto na kufuga wanyama. Walimu wa zamani walijaribu kugawa kazi, watoto wapewe "rear" na mifugo ipewe "raise", lakini Wamarekani hawakuwasikiliza. Kati ya "rise" na "raise" mkanganyiko ni mdogo kuliko wa "lie" na "lay", na sababu ni rahisi: maumbo yake ya wakati uliopita, "rose" na "raised", hayagongani popote. Kijerumani kina ushahidi wa aina hiyo hiyo. Jozi ya "liegen" na "legen" imebaki huko hadi leo, lakini wakati uliopita wa cha kwanza ni "lag" na wa cha pili "legte", na kila kimoja kinabaki katika njia yake.

Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, Kiingereza kiliishi kwa muda mrefu bila ulinzi wa ofisi, mahakama wala shule, maana huko kilitumika Kifaransa na Kilatini. Miisho ya maneno ilizidi kudhoofika na kuanguka. Ilipofika karne ya 14, kitenzi cha Kiingereza kilikuwa kimevuliwa sehemu kubwa ya mavazi yake, na "lay" wa kulaza akawa anasikika sawa na "lay" wa aliyelala jana. Matumizi ya "lay" kwa maana ya kulala yanaonekana katika maandishi tangu karibu mwaka 1300, na kwa karne kadhaa hakuna aliyeyalalamikia. Chanzo kimoja kilichoyasaidia ni desturi ya kusema kwamba mtu anajilaza: kitenzi kilikuwa "lay", na nafsi ya mlalaji ndiyo iliyokuwa kitu kinacholazwa. Kiwakilishi cha nafsi hiyo kikidondoshwa katika usemi wa haraka, kinachobaki ni "lay down" bila kitu, yaani lile lile linaloitwa kosa.

Waliolitumia hawakuwa watu wa mtaani tu. Francis Bacon, mwanafalsafa na mwanasheria mkuu wa mfalme, aliandika "lay" mahali pa "lie" katika insha zake. Karne mbili baadaye, mwaka 1818, mshairi Byron alifanya vivyo hivyo katika wimbo wa nne wa Childe Harold's Pilgrimage, na hapo neno limekaa mwisho wa mstari, likidaiwa na kina. Wakati wa Byron kanuni ilikuwa imekwisha kuandikwa vitabuni, na wakosoaji wamekuwa wakimlaumu kwa mstari huo tangu hapo.

Si kila jozi inayosumbua ilizaliwa na kauli ya kutendesha iliyoonekana waziwazi namna hii. "Learn" na "teach" ni mfano wa jozi iliyobadilishana wachezaji. Kiingereza cha Kale kilikuwa na "leornian", kujifunza, na "lǣran", kufundisha, vyote kutoka mzizi mmoja, kama Kiswahili kilivyo na funza na jifunza. Baada ya muda maneno hayo mawili yalisogeleana hata "learn" ikabeba maana zote mbili. Shakespeare aliitumia kwa maana ya kufundisha, na zaburi za Kiingereza zilizosomwa kanisani tangu karne ya 16 ziliitumia vivyo hivyo katika maombi kwa Mungu. Hilo halikuwa kosa. Lilikuwa Kiingereza cha wakati ule. Samuel Johnson, katika kamusi yake kubwa ya mwaka 1755, aliieleza maana hiyo kuwa imepitwa na wakati, na kufikia karne ya 19 mtu aliyesema "learn" kwa kufundisha alihesabiwa kuwa hakusoma.

"Lend" na "borrow" hazina undugu wowote wa damu. "Borrow" ilitokana na neno la dhamana au rehani: mkopaji aliacha kitu au mdhamini, ndipo akapewa. "Lend" ilitokana na kitenzi cha kutoa kwa muda, na sauti yake ya "d" haikuwapo mwanzoni; iliingia kutoka kwenye umbo la wakati uliopita. Neno la tatu, "loan", ni nomino iliyotoka Skandinavia na kufanywa kitenzi tangu karne ya 16. Wamarekani walikichukua kitenzi hicho wakakitunza, Waingereza wakaanza kukiacha, na katika karne ya 19 wakosoaji wa pande zote mbili wakakishambulia kama uvumbuzi mbaya wa Kimarekani, ingawa kilikuwa kimevuka bahari pamoja na walowezi wenyewe.

Kitenzi cha kunyongwa nacho kina pande mbili hadi leo. Kiingereza cha Kale kilikuwa na vitenzi viwili vya kuning'inia na kuning'iniza, kimoja chenye wakati uliopita wa kubadilisha irabu na kingine cha kuongeza mwisho, na cha tatu kikaja kutoka Skandinavia. Vyote vitatu viliyeyukia katika "hang". Umbo "hung" lilienea katika karne ya 16 na kuchukua karibu kazi zote, isipokuwa moja. Majaji waliendelea kutamka hukumu ya kifo kwa maneno waliyorithi, na maneno hayo yalikuwa na "hanged". Hivyo picha ukutani "is hung" na mfungwa "is hanged". Mahakama ndiyo iliyolihifadhi umbo la kale, na wanasarufi walikuja baadaye wakaikuta tofauti ikiwa tayari, wakaifanya kanuni.

Kundi jingine lina asili tofauti kabisa. "Affect" na "effect" yametoka Kilatini, na yote mawili yana kitenzi cha Kilatini cha kufanya ndani yake, kimoja kikiwa na kiambishi cha kuelekea na kingine cha kutoka nje. Maneno ya aina hii yaliingia kwa mamia wakati wasomi wa Ulaya walipokuwa wakiandika kwa Kilatini na kutafsiri kutoka Kilatini. Hapa hakuna kauli iliyokufa. Kuna maneno mawili ya kitabuni ambayo mdomo wa Mwingereza uliyatamka karibu sawa, na tofauti yake ikabaki kwenye karatasi tu: moja ni kuathiri, jingine ni kuleta jambo likatimia.

Karne ya 18 ndiyo iliyogeuza mazoea kuwa sheria. Ufaransa ilikuwa na chuo cha lugha tangu mwaka 1635, na mwaka 1712 Jonathan Swift alipendekeza Uingereza nayo iwe na chombo cha kusahihisha na kuimarisha lugha. Chombo hicho hakikuundwa. Wakati huohuo biashara na viwanda vilikuwa vikizaa tabaka la watu wenye fedha lakini wasio na malezi ya kikabaila, nao walitaka watoto wao waseme na kuandika bila kuchekwa. Soko hilo lilijazwa na vitabu vya sarufi, na waandishi wake walikuwa walimu, makasisi na wachapishaji waliojipa kazi ambayo serikali haikuichukua.

Mmoja wao alikuwa Ann Fisher, mwalimu wa Newcastle, ambaye sarufi yake ilitoka katikati ya karne hiyo. Yeye anakumbukwa kwa kueneza zoezi ambalo kila mwanafunzi wa Afrika Mashariki amelifanya: sentensi zilizoandikwa vibaya kwa makusudi ili mwanafunzi azisahihishe. Mwaka 1761 Joseph Priestley, ambaye baadaye angepata sifa duniani kwa uchunguzi wake wa hewa ya oksijeni, alitoa sarufi iliyoshikilia kwamba desturi ya wasemaji ndiyo hakimu wa mwisho. Mwaka uliofuata, 1762, kilitoka kitabu kisicho na jina la mwandishi chenye mwelekeo mwingine. Mwandishi wake alikuwa Robert Lowth, msomi wa mashairi ya Kiebrania ambaye baadaye alikuwa askofu wa Oxford na kisha wa London.

Lowth aliandika kwa upole, lakini tanbihi zake zilikuwa kali. Alichukua waandishi wakubwa, Milton, Swift, Addison, Pope, akaonyesha makosa yao mmoja baada ya mwingine. Lililomkera zaidi lilikuwa kuchanganya maumbo mawili ya wakati uliopita, kwa mfano kusema "have wrote" badala ya "have written", jambo lililokuwa la kawaida kabisa kwa watu wenye elimu wa wakati wake. Majedwali ya "write, wrote, written" na "drink, drank, drunk" yanayokaririwa katika shule za Tabora na Kisumu yana deni kubwa kwa kazi hiyo. Lowth alieleza pia kwamba "lie" mara nyingi huchanganywa na "lay", akatenganisha maumbo yake kama yanavyofundishwa hadi leo. Ni haki kusema kwamba hakubuni tofauti hiyo, kwa kuwa ilikuwapo tangu Kiingereza cha Kale. Alichofanya ni kuirudisha mahali ambapo matumizi yalikuwa yameanza kuifuta, na kuwaonyesha hata magwiji wa lugha kuwa wamekosea.

Aliyeipeleka kanuni hiyo kwa umma ni Lindley Murray. Alizaliwa Pennsylvania mwaka 1745, akafanya kazi ya uwakili New York, kisha akahamia Uingereza na kuishi karibu na mji wa York. Alikuwa wa madhehebu ya Quaker, ambayo Kenya inayajua kama Kanisa la Marafiki, na sarufi yake ya mwaka 1795 iliandikwa kwa ombi la walimu wa shule ya wasichana ya madhehebu hayo. Murray alikusanya zaidi kuliko kubuni. Kanuni za Lowth zimo humo, nyingine karibu neno kwa neno. Mwaka 1797 alitoa kitabu cha mazoezi chenye sentensi za kusahihisha. Vitabu hivyo vilichapishwa tena na tena pande zote za Atlantiki, na kwa nusu karne mwanafunzi wa Kiingereza alikuwa na uwezekano mkubwa wa kumsoma Murray kuliko mwanasarufi mwingine yeyote.

Kanuni ya "shall" na "will" ilipita njia yake peke yake, na ni ya kale zaidi. "Shall" ilianza kama kitenzi cha kuwiwa, kuwa na deni au wajibu; "will" ilianza kama kitenzi cha kutaka. Vyote viwili viligeuka kuwa alama za wakati ujao, njia ambayo Kiswahili pia kinaijua, kwani wanaisimu huihusisha -ta- ya wakati ujao na kitenzi taka. Mwaka 1653 John Wallis, profesa wa jiometri wa Oxford na mtu aliyeanzisha alama ya hisabati ya kisichokuwa na mwisho, alitoa sarufi ya Kiingereza iliyoandikwa kwa Kilatini. Humo aliweka kanuni: katika nafsi ya kwanza "shall" hutabiri tu na "will" huahidi au hutishia, katika nafsi ya pili na ya tatu mambo hugeuka, "will" ikatabiri na "shall" ikaamuru.

Kitu kinachosahaulika ni kwamba Wallis aliwaandikia wageni. Kilatini chake kilikusudiwa wasomi wa Ulaya waliotaka kusoma vitabu vya Kiingereza, na kanuni ile ilikuwa msaada kwao. Wanasarufi wa karne iliyofuata waliichukua wakaielekeza kwa Waingereza wenyewe. Waskoti na Waairishi, waliotumia "will" kwa nafsi zote, ndio walioumia zaidi, na vitabu vikajaa kisa cha Muairishi anayezama majini ambaye kwa kukosea vitenzi hivyo anatangaza kwamba ameazimia kufa na anakataza asiokolewe. Ndugu wawili, Henry na Francis Fowler, katika kitabu chao cha mwaka 1906, walitumia kurasa zipatazo 20 kueleza vitenzi hivyo viwili, huku wakikiri kwamba asiyezaliwa kusini mwa Uingereza ana uwezekano mdogo wa kuvishika. Mwaka 1925 Charles Fries, profesa wa Kimarekani, alichapisha matokeo ya kuchunguza tamthilia za karne kadhaa, akaonyesha kwamba kanuni ya Wallis haikuwahi kuendana na matumizi ya wasemaji kwa ujumla. Francis Fowler alikuwa amefariki mwaka 1918. Henry alikamilisha peke yake kamusi ya matumizi ya mwaka 1926, akaiweka wakfu kwa nduguye, na hiyo ndiyo iliyokuwa rejea ya wahariri wa Kiingereza kwa sehemu kubwa ya karne ya 20.

Nchini Marekani ugomvi ulilipuka mwaka 1961, ilipotoka toleo la tatu la kamusi kubwa ya Webster chini ya mhariri Philip Gove. Kamusi hiyo ilieleza jinsi watu wanavyosema na kuepuka mara nyingi kuhukumu. Magazeti makubwa yaliishambulia kwa ukali, yakidai kwamba imeacha wajibu wake. Kamusi ya American Heritage ya mwaka 1969 ilijibu kwa kuunda jopo la waandishi na wasomi wapatao mia moja waliopigia kura maneno yenye utata. Mwaka huohuo Bob Dylan alitoa wimbo "Lay Lady Lay", ambao jina lake linavunja kanuni ya Lowth mara mbili ndani ya maneno matatu, na hakuna mshabiki aliyeuacha kwa sababu hiyo.

Afrika Mashariki ilizipokea kanuni hizi zikiwa zimekomaa. Zilikuja na shule za misheni na za serikali ya kikoloni, na zikapewa nguvu na mtihani wa Cambridge ambao wanafunzi wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar waliufanya kabla ya nchi hizi kuwa na mabaraza yao, Tanzania mwaka 1973 na Kenya mwaka 1980. Lakini vitenzi vinavyomsumbua msemaji wa Kiswahili si vile vile vinavyomsumbua Mwingereza. Azima hutumika kwa anayetoa na kwa anayepokea, ndiyo maana "borrow me your pen" husikika madarasani. Fanya inashughulikia "do" na "make" kwa pamoja. Waliniibia ina mtu kama mtendewa, kwa hiyo mwanafunzi huandika "they stole me" pale Kiingereza kinapodai "robbed". Upande mwingine, leta na peleka zimetenganishwa wazi katika Kiswahili, na mwanafunzi wa Mombasa hapati taabu na "bring" na "take" ambazo Wamarekani wengi huzichanganya. Hata "lie" na "lay" angeziona nyepesi kama angeambiwa tangu mwanzo kwamba ni lala na laza, lakini vitabu vilivyotoka London havikuwa na sababu ya kumweleza hivyo.

Kitabu kilichowafikiria wageni kwa dhati kilitoka mbali. A. S. Hornby, Mwingereza aliyekwenda Japani mwaka 1924 kufundisha, alishirikiana huko na Harold Palmer kuchunguza ni nini hasa humkwamisha mtu anayejifunza Kiingereza ukubwani. Jibu lao lilikuwa kwamba kujua maana ya kitenzi hakutoshi. Lazima ijulikane kinafuatwa na nini. Hornby na wenzake wawili walitayarisha kamusi iliyogawa vitenzi vyote katika mifumo 25, kila kitenzi kikiwa na namba inayoonyesha kama kinachukua kitu, mtu na kitu, kitenzi kingine, au hakichukui chochote. Ilichapishwa Tokyo mwaka 1942, vita vikiwa vinaendelea, na Oxford ikaitoa upya mwaka 1948. Hiyo ndiyo iliyokua ikawa Oxford Advanced Learner's Dictionary, inayouzwa katika maduka ya vitabu ya Nairobi, Dar es Salaam na Kampala, na ambayo bado huweka kisanduku cha maelezo penye "lie" na "lay". "Shall" nayo imepungua sana katika mazungumzo ya pande zote, ikabaki zaidi katika maswali ya kuomba ridhaa na katika uandishi wa sheria. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika toleo lake la Kiingereza, huitumia kwa nafsi ya tatu kuweka wajibu, sawasawa na Wallis alivyoeleza mwaka 1653.